Filta Nyeupe ya Sista Konsolata

Siku mliyoniaga pale karakana mlisema niandike niliyoyaona kazini ili yasipotee. Nilidhani mnatania, maana kwa miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza lolote zaidi ya bisibisi iko wapi. Lakini sasa nina muda mwingi kuliko ninavyoutaka, na kuna somo nililowafundisha wawili wenu ambalo nataka kulifuta. Siwezi kulifuta bila kueleza nililitoa wapi, kwa hiyo mvumilie nianzie mbali.

Nilianza kazi hospitalini Kibondo nikiwa na cheti cha kufunga umeme wa majumbani na viatu vya kuazima. Niliajiriwa kama fundi wa majengo: balbu, vitasa, mabomba. Vifaa vya tiba sikuwa navijua hata kwa sura. Siku ya kwanza niliitwa chumba cha upasuaji, na mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi aliyevaa gauni jeupe lililopigwa pasi hadi likawa linasimama lenyewe. Huyo alikuwa Sista Konsolata, Sista wa uuguzi, siyo wa utawa, msimamizi wa chumba kile, mzaliwa wa Nyabibuye.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Sista."

"Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Akanirudisha bombani nikanawe, nikarudi, akanirudisha tena. Mara ya tatu ndipo nilipovuka kizingiti. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha balbu moja.

Umeme wa Kibondo wakati ule ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa na mambo yake. Kwa hiyo vyombo vya upasuaji tulivichemsha kwenye pipa la mvuke lililokaa juu ya mafiga, ndani ya kijumba chenye dirisha moja dogo. Kuni zikiwa mbichi, ungeingia mle unamwona mwenzako miguu tu. Sista hakumwamini mtu yeyote na lile pipa. Kila alasiri aliingia mwenyewe, akasimama mbele ya geji mpaka mshale ufike panapotakiwa, kisha akahesabu dakika kwa saa aliyoibana kifuani. Alitoka macho mekundu, anakohoa, anacheka. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Alinifundisha kuusikiliza mvuke, kujua unapokuwa na maji ndani na unapokuwa mkavu, na kuupaka mafuta mpira wa mfuniko, maana tulikuwa nao mmoja tu, na ukikatika hakuna mama atakayefanyiwa upasuaji mpaka gari liende na kurudi.

Mipira ya mikononi, ambayo nyinyi mnaivaa mara moja na kuitupa, yeye aliifua, akaianika kwenye kamba, akaipuliza kutafuta matundu, akaipaka poda na kuirudisha kazini. Kila Ijumaa alipita na kitambaa cheupe akipangusa juu ya makabati, chini ya meza, nyuma ya taa. Kitambaa kikichafuka, mwenye eneo lake aliisikia habari yake mbele ya wenzake. Kisipochafuka, Sista hakusema kitu, na huko kunyamaza kwake tulikuwa tunakupigania. Alikuwa na msemo wake: "Kitu kikidumu, jua kuna mtu amekionea huruma." Nilitembea na maneno hayo hadi nilipostaafu. Sikuwahi kuyauliza maswali.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mganga mkuu akasema huyu kijana apelekwe kusoma vifaa tiba. Nikaenda, nikarudi, na kurudi kwangu kukaangukia ile miaka ambayo wakimbizi walikuwa wanavuka mpaka kila siku. Mashirika yakaja na malori, na malori yakaja na mashine. Sijawahi kuona vitu vizuri kama vile. Mashine za oksijeni zilikuwa zinavuta hewa ya wodini, zinaichuja na kumpa mgonjwa hewa safi bila mtungi. Kila moja ilikuwa na sponji nje, hiyo unaifua, na filta ya ndani, hiyo haifuliwi, unatupa na kuweka mpya. Filta mpya zilikuwa zinakuja kwenye makasha, na shirika lilipofunga ofisi, makasha nayo yakafunga. Mashine zikabaki.

Nilishona filta za kila aina. Za blanketi, za godoro, za kitambaa cha bendeji nilichokikunja mara nane. Mashine inadanganyika kwa wiki mbili tatu, halafu inaanza kuhema. Mama mmoja Mkongo alikuwa amemkalia mwanawe kitandani, akaniita: "Fundi, hii masini inalala ao inakufa?" Nikamwambia inapumzika. Nikaifungua palepale miguuni kwake, nikakuta ndani vumbi jekundu limegandamana kama udongo wa kufinyangia. Tukakimbilia mtungi, mtungi ukawa mtupu. Mtoto hakufika jioni. Yule mama hakunilaumu, na mpaka leo ningependa angenilaumu.

Nyuma ya karakana paliota rundo la mashine nzima zilizokufa kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kiganja. Wahenga wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi niliwaambia wakubwa wangu maneno hayo kwenye kila kikao, kwamba mashine ina bei ya kuinunua na ina bei ya kukaa nayo, na hiyo ya pili haiishi. Waliandika. Kuandika wanaweza sana.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, ambako nyinyi mlinikuta. Sista Konsolata alikuwa amekwisha kustaafu na amejenga karibu na chuo cha ualimu, nyumba ya vyumba vitatu, jiko likiwa limeungana na ukumbi kwa mlango mmoja. Aliishi na Yusta, binti wa marehemu dada yake, mwanamke mzima aliyeachika na kurudi nyumbani. Nilikwenda kumsalimu nikakuta kile kikohozi cha kijumbani kimehamia kwake moja kwa moja. Alikuwa akivuka ukumbi anashika kiti katikati ya safari. Daktari alimwambia mapafu yamezibwa na moshi wa miaka mingi, hayatarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa akikaa kwenye hewa safi. Hewa safi, Kasulu, kiangazi, tanuri za matofali zinawaka kila upande na barabara inatimka vumbi. Daktari naye alikuwa anasema tu alichojifunza.

Mwanawe Denis ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka Dar hadi Manyovu mpakani. Safari moja alipita akashusha kasha lenye picha ya mtoto wa kizungu amelala kwenye zulia jeupe. Ilikuwa mashine ya kusafisha hewa ya nyumbani, nyeupe, ndefu kama ndoo mbili zilizopandana. Nikaitwa kuifunga. Sista alikuwa amekaa kwenye kochi amevaa gauni zuri, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nikamvuta Denis pembeni. "Umeuliza filta yake inabadilishwa kila baada ya muda gani?"

"Kwani mzee, si unachomeka tu?"

"Unachomeka, halafu unailisha."

Nikamweleza. Filta ya ndani haipatikani Kigoma wala Mwanza, ni ya kuagiza Dar. Bei yake ni karibu theluthi ya mashine nzima. Kwenye karatasi wameandika inakaa mwaka, lakini waliipima kwenye nyumba isiyo na mafiga. Umeme wetu unapanda na kushuka, kwa hiyo lazima iwe na kidhibiti cha umeme, nacho kinanunuliwa. Halafu inatakiwa iwake usiku na mchana, na umeme wa luku hauna huruma. Denis alinisikiliza huku anajikuna shingo. Akasema, "Sawa mzee, tutajua mbele ya safari." Ana watoto wanne, na lori si lake.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Wanawake wa jumuiya walikuja kuiona, na mmoja akaifumia kitambaa cha kuifunika, chenye maua, kama vile vya kwenye makochi. Nilikitoa mimi mwenyewe, maana mashine inavuta hewa kupitia pale juu na ubavuni. Nikaisogeza kutoka ukutani. Sista alisema analala saa nne mfululizo, kitu alichokuwa amekisahau. Aliniambia hivyo akinishika mkono, nami nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Wiki ya saba kile kitaa chekundu kikawaka. Kitaa hicho kinahesabu saa za mashine na uchafu wa hewa, kikiwaka maana yake filta imekwisha. Sikuwa nimeambiwa. Nilipofika Jumamosi nikamkuta Yusta ameitoa filta, ameifua kwa sabuni ya unga, ameianika kwenye kamba kati ya shuka mbili. Ilikuwa imevimba na kupinda, karatasi zake zimeshikana. Pale ilipokuwa haijatakata ilikuwa nyeusi.

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu hasira ile ndiyo kiini cha yote. Niliona rundo lote la Kibondo likinicheka kutoka kwenye ile kamba. Nilimfokea Yusta, halafu nikamgeukia Sista, mtu aliyenitoa kwenye balbu, nikamwambia: "Sista, wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Leo unaacha filta inakuwa hivi? Wiki saba tu? Denis akaibe ndipo anunue nyingine?"

Alitafuta pumzi kwanza. Kisha akasema, "Nimekosa, Gervas. Nisamehe."

Miaka yote ile hakuwahi kuniomba radhi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nikavaa sauti yake ya Ijumaa na kutoa maagizo: sponji ya nje ifuliwe kila wiki, mlango wa jiko ufungwe, filta isiguswe na maji. Na nikaongeza: "Na msiiwashe ovyoovyo. Iwasheni inapohitajika. Itunzeni."

Inapohitajika. Nilimwambia hivyo mtu ambaye alihitaji hewa kila alipopumua.

Mlango wa jiko haukufungwa, maana ungefungwa Yusta angekufa yeye kwa moshi. Tungeweza kuuziba ule mlango na kulihamishia jiko uani, mimi na mafundi wawili, kwa siku tatu. Nilifikiria. Lakini mimi ni mtu wa mashine, na macho yangu yalikuwa kwenye mashine.

Denis alileta filta mpya safari iliyofuata, akaiweka mezani bila kusema imemgharimu nini. Sista aliitazama muda mrefu. Akasema, "Hii mashine inakula kuliko mgonjwa." Tukacheka wote watatu.

Tangu siku hiyo nilikwenda kuikagua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilisimamisha pikipiki nje, Yusta akanipokea mkoba, "Shikamoo baba," nikaingia nikakuta mashine inavuma taratibu na Sista amekaa kando yake, mikono mapajani. Tukasalimiana kwa Kiha, "Mwakeye," "Mwakeye," kisha nikaizima, nikafungua mgongo wake na kuitoa filta. Mwezi wa kwanza nyeupe. Wa pili nyeupe. Wa nne ilikuwa na kivuli tu cha kijivu pembeni. Kitaa chekundu hakikuwaka kamwe. Nikamwonyesha filta nikiwa nimeinua juu kwenye mwanga wa dirisha, nikasema, "Sasa hii ndiyo kazi, Sista." Naye akatabasamu kama mtoto aliyepasi mtihani. Nilimwona anazidi kukonda. Nilimwona anakatisha maneno katikati ili avute pumzi. Nikasema moyoni ni ugonjwa, mapafu hayarudi, daktari alikwisha sema.

Hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Wawili wenu mlikuwa wapya, nikataka mjifunze kutunza, nikawapeleka nyumbani kwake. Nikaitoa ile filta ya miezi minane na kuwapa mkononi. Nikasema: tazameni, katika nyumba ya jiko la kuni, ndani ya Kasulu, filta ya miezi minane. Mashine haifi kwa uzee, inafia mikononi mwa mtu mzembe. Mmoja wenu, simtaji kwa kuwa anajijua, akaigeuzageuza akauliza, "Mzee, mbona nyeupe hivi na moshi uko palepale?" Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo maana nimemleta, ajifunze. Sista alikuwa anatazama chini. Kijana yule alikuwa fundi kuliko mimi siku ile, nami nilimnyamazisha. Kama unasoma, nisamehe.

Kiangazi kilichofuata mashamba yalichomwa mapema na moshi ukakaa bondeni siku nyingi. Sista alilazwa mara mbili. Mara ya tatu hakutoka. Nilibeba jeneza upande wa kichwa, na lilikuwa jepesi mno.

Baada ya kuondoa matanga nilikwenda kuwajulia hali. Yusta alinipa kiti, akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Mwisho akakaa.

"Baba, nina neno, usinikasirikie."

"Sema."

"Ile mashine haikuwa inawaka."

"Haikuwa inawaka vipi? Kila nikija naikuta inawaka."

"Pikipiki yako tulikuwa tunaisikia kuanzia kwenye kona ya chuo. Mama alikuwa ananiambia, Yusta, washa, fundi huyo. Ukishaondoka anasema zima, tusiimalize." Akajifuta na ncha ya kitenge. "Nilimwambia mama, lakini wewe unabanwa, acha iwake. Akasema filta moja ni ada ya watoto wa Denis. Nikamwambia basi tumwambie fundi. Akasema hapana. Akasema, Gervas akikuta chafu tena atahuzunika."

"Hata usiku alipobanwa?"

"Ego," alikubali kwa Kiha. "Hasa usiku. Anakaa anaitazama."

Nilimwomba maji ya kunywa, siyo kwamba nilikuwa na kiu. Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Mashine ya oksijeni ikizimwa tunajua mgonjwa yuko hatarini. Hii niliikuta safi kila mwezi, nikaishangilia. Karibu miaka arobaini ya kazi, na sikujua kuwa filta iliyo nyeupe ndani ya nyumba yenye moshi ina maana moja tu, kwamba uchafu umekwenda kwingine. Kwingine kwenyewe kulikuwa kumekaa mbele yangu kwenye kochi, mikono mapajani, kunasubiri sifa.

Mtaniambia asingepona. Najua. Daktari ameniambia, Denis ameniambia, na mke wangu ananiambia kila nikikaa kimya. Hakuna mashine iliyokuwa inaweza kumrudishia mapafu aliyoyaacha kwenye kile kijumba cha mafiga. Lakini zile saa nne za usingizi zilikuwepo, alizionja mwezi mmoja, na nikamnyang'anya. Sipati namna ya kulisema hili likapungua.

Denis hakutaka kuiona tena mashine. Akanipa. "Wewe ndiye uliyeipenda, mzee," alisema, bila ubaya. Nikaja nayo nyumbani, ikakaa chini ya meza hadi mvua za vuli zikapita. Mke wangu anapikia mkaa kibarazani, na nyumba yetu ni safi kuliko ya Sista ilivyokuwa. Nikaichomeka, nikaweka ile filta yake nyeupe, nikaiacha iwake usiku na mchana bila kuigusa.

Wiki ya tisa kitaa kikawaka. Niliifungua mezani, kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi kutoka pembe hadi pembe, imejaa, imefanya kazi yake yote. Mke wangu akasema itupe, inanuka. Nilikuwa bado nimeishika. Hii ndiyo niliyotakiwa kuikuta kwa Sista kila nilipokwenda, niitupe kwa furaha, nimwambie ahsante.